Segue 1: galaksi iliyopewa jina la fungunyota

Wanaastronomia wana mazoea ya kutoa majina ambayo hayakuandikwa popote kama sheria, lakini karibu wote wanayafuata. Galaksi kibete inayoizunguka galaksi yetu, Njia Nyeupe, huitwa kwa kundinyota inamoonekana: Draco, Sculptor, Hercules. Fungunyota, yaani kundi dogo la nyota zilizozaliwa pamoja, huitwa kwa mtu au mradi uliolipata, kisha likapewa namba. Kwa hiyo ukikutana na jina Segue 1 kwenye orodha ya majirani wa Njia Nyeupe, jina lenyewe linakuambia kwamba hili ni fungunyota, la kwanza la mradi wa SEGUE, tawi la mradi mkubwa wa Sloan wa kuchunguza anga. Sogeza jicho hadi safu inayofuata, utakuta imeandikwa galaksi.

Jina na safu havipatani, na hakuna aliyeteleza kalamu. Kati ya viwili hivyo kuna miaka mitano ya mabishano, nyota 71 zilizopimwa moja baada ya nyingine, na swali ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kazi yote ya kutafuta galaksi hafifu: je, galaksi inagunduliwa siku inapoonekana, au siku inapopimwa uzito? Nimechagua kisa cha Segue 1 kwa sababu ndani yake hatua zote mbili zinaonekana waziwazi, pamoja na shaka iliyokaa katikati yake.

Kuhesabu badala ya kutazama

Hadi mwaka 2004 Njia Nyeupe ilijulikana kuwa na galaksi ndogo 11 zinazoizunguka. Mbili kati yake, Mawingu ya Magellan, watu wa nusu ya kusini ya dunia wameziona kwa macho tangu kale. Tisa zilizobaki zilipatikana kwa mwendo wa kobe. Harlow Shapley alitangaza Sculptor na Fornax mwaka 1938. Nyingine zikafuata moja moja, mara nyingine miongo miwili ikipita bila kitu, hadi ya mwisho, Sagittarius, mwaka 1994. Nyingi zilionwa na mtu aliyeinamia bamba la picha akaona doa lililofifia mahali ambapo hapakupaswa kuwa na doa.

Mradi wa Sloan ulibadilisha namna ya kutafuta. Darubini yake ya mita 2.5 iko Apache Point, katika jimbo la New Mexico, Marekani, na ilianza kuipiga picha anga kwa utaratibu mwaka 2000. Kila nukta ya mwanga iliyoonekana iligeuzwa kuwa mstari kwenye hifadhidata: mahali ilipo, na mwangaza wake katika rangi tano. Tangu hapo mtafutaji hakuhitaji tena kuona doa. Alihitaji kuhesabu.

Hesabu yenyewe ina ujanja mmoja, na ni ujanja mzuri. Chukua Kilimia. Nyota zake zote ziko umbali ule ule kutoka kwetu, na zilizaliwa wakati mmoja. Ukiziweka kwenye mchoro, rangi upande mmoja na mwangaza upande mwingine, hazitawanyiki ovyo. Zinajipanga kwenye mkondo mwembamba, kwa kuwa rangi na mwangaza wa nyota vinaamuliwa na uzito wake na umri wake. Nyota za njiani, zilizo karibu na mbali kwa mchanganyiko, hazina mkondo wowote; zinajaa mchoro mzima kama vumbi. Basi unachora mkondo wa nyota kongwe kama ungekuwa umbali fulani, unabakiza nyota zinazoangukia juu yake tu, unatupa nyingine zote, halafu unauliza: je, kuna mahali angani ambapo zilizobaki zimesongamana? Ukimaliza, unausogeza mkondo kwa umbali mwingine na kuanza upya. Kompyuta hairudi nyuma wala haichoki, ndiyo maana ilipata vitu ambavyo jicho lisingevipata hata likikodoa maisha yote.

Mwaka 2006 kundi lililoongozwa na Vasily Belokurov wa Cambridge lilitangaza vitu vitano vipya vilivyopatikana kwa njia hiyo. Vinne viliitwa galaksi kibete zinazowezekana. Cha tano, katika kundinyota la Simba, kiliitwa fungunyota lililotanuka kupita kawaida, nacho ndicho Segue 1.

Ningependa msomaji aione picha ya eneo lile, kwa sababu inafundisha kuliko maelezo. Ni picha ya anga ya kawaida kabisa. Nyota chache angavu za Njia Nyeupe zimesimama mbele, galaksi za mbali sana zimetawanyika nyuma kama madoa madogo, na nukta hafifu zimejaa kila mahali. Hakuna ukungu wala doa katikati. Nyota za Segue 1 ziko humo humo, miongoni mwa nukta hizo, na hazijulikani hadi mtu azichoree duara moja moja. Mwanga wa Segue 1 yote ukiujumlisha ni sawa na mwanga wa Jua mara 340 hivi. Rigel, nyota moja tu ya buluu iliyo mguuni mwa Orion, inang'aa zaidi ya mara mia kuliko galaksi hii nzima.

Kwa nini waliita fungunyota

Hapa sioni kosa la kulaumu. Kwa kilichojulikana siku ile, jina lilikuwa la busara. Segue 1 iko umbali wa miaka ya nuru 75,000 hivi kutoka kwetu, na nusu ya mwanga wake imo ndani ya nusukipenyo cha miaka ya nuru 95. Galaksi kibete zilizozoeleka wakati huo zilikuwa kubwa mara kadhaa kuliko hapo, na zenye mwanga mara maelfu. Kwa upande mwingine, mafungunyota mengi ni madogo kuliko Segue 1, lakini lililotanuka zaidi kidogo halikuwa jambo la ajabu. Mtu akikuta mnyama mwenye kimo cha mbuzi mkubwa au ndama mdogo, atasema mbuzi kama yuko katikati ya kundi la mbuzi.

Tofauti halisi kati ya vitu hivi viwili haiko kwenye ukubwa wala mwanga. Fungunyota linashikwa na uzito wa nyota zake lenyewe. Galaksi inashikwa na kitu kingine kisichoonekana, maada giza, ambacho uzito wake unazidi ule wa nyota. Uzuri ni kwamba maada giza haihitaji kuonekana ili ipimwe. Nyota zilizomo ndani yake huenda kasi zaidi kuliko zinavyostahili, na bado hazitoroki. Ukitaka kujua ni kipi kati ya viwili, pima kasi za nyota.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1983 Marc Aaronson alipima kasi za nyota tatu tu katika galaksi ya Draco, akaona zinatofautiana kupita kiasi, na akathubutu kusema kwamba huenda Draco imejaa maada giza. Nyota tatu! Wengi walisita, na walikuwa na haki ya kusita. Vipimo vya baadaye, vya nyota nyingi zaidi, vilimkuta yuko sahihi.

Kupima

Mwanaastronomia Marla Geha na wenzake waliielekeza darubini ya Keck kwenye Segue 1. Keck iko juu ya Mauna Kea, Hawaii, zaidi ya mita 4,100 juu ya usawa wa bahari, na kioo chake cha mita 10 kimeunganishwa kutoka vipande 36 vya pembe sita. Walitumia spektrografu iitwayo DEIMOS, na namna inavyofanya kazi inastahili kuelezwa polepole, kwa sababu ndipo ugunduzi wenyewe ulipotokea.

Kabla ya usiku wa kutazama, hutengenezwa bamba jembamba la metali. Juu yake hukatwa nafasi nyembamba, ndogo kama mkwaruzo, kila moja mahali ambapo picha ya nyota fulani itaangukia. Bamba likiwekwa kwenye njia ya mwanga, linazuia anga yote isipokuwa nyota ulizozichagua. Mwanga wa kila nyota unapita kwenye mkwaruzo wake, unatandazwa kuwa upinde wa rangi, na katika upinde huo kuna mistari myeusi iliyoachwa na elementi zilizo kwenye uso wa nyota. Mistari mitatu ya kalisi, kwenye wekundu wa mwisho ambao jicho haliuoni vizuri, ndiyo inayotegemewa zaidi. Nyota ikituondokea, mistari husogea upande wa wekundu. Ikitujia, husogea upande wa buluu.

Inasogea kiasi gani? Nyota mbili zikitofautiana kwa kasi ya kilomita 4 kwa sekunde, mistari yao hupishana kwa sehemu moja hivi kati ya 75,000 ya urefu wa wimbi. Kosa la kipimo cha DEIMOS, hata mtu awe mwangalifu kiasi gani, lilikuwa kilomita 2 na kidogo kwa sekunde kwa kila nyota. Mtawanyiko wanaoutafuta, yaani tofauti za kasi kati ya nyota na nyota, na kosa la chombo vinakaribiana. Ni kama kupima urefu wa watoto wa darasa moja kwa rula yenye alama za nusu mita: inawezekana, lakini lazima ujue tabia ya rula yako kabla ya kusema lolote kuhusu watoto.

Geha na wenzake walipata nyota 24 zinazotuondokea kwa kasi inayozidi kidogo kilomita 200 kwa sekunde. Kasi hiyo ilikuwa bahati. Nyota nyingi za Njia Nyeupe katika upande ule wa anga haziendi hivyo, kwa hiyo nyota za Segue 1 zilijitenga na za njiani kama mafuta na maji. Na mtawanyiko wa kasi zao kuzunguka wastani ulikuwa kilomita 4.3 kwa sekunde.

Hebu tuione namba hiyo kwa karibu. Tuseme Segue 1 ni fungunyota, na ndani yake hamna kitu ila nyota. Nyota zenye mwanga wa Majua 340 zina uzito unaofikia Majua elfu moja kwa makadirio ya ukarimu. Uzito huo ukitandazwa kwenye eneo pana vile unaweza kuzishika nyota zinazotofautiana kwa kasi ya mita mia mbili kwa sekunde, si zaidi. Kilichopimwa ni zaidi ya kilomita nne. Nyota inayokwenda kilomita nne kwa sekunde inavuka nusukipenyo cha Segue 1 kwa miaka milioni saba hivi. Kama hakuna kitu cha kuirudisha, baada ya makumi machache ya mamilioni ya miaka kundi lote lingekuwa limesambaratika. Lakini nyota hizi zina umri unaopita miaka bilioni 10, na bado zimekaa pamoja. Kuna kitu kinachozishika, na uzito wake ni mara mamia kadhaa ya uzito wa nyota zenyewe.

Mwaka 2009 makala ikatoka ikiitangaza Segue 1 kuwa galaksi yenye mwanga mdogo kuliko zote zilizojulikana.

Waliokataa

Mwaka huohuo likatoka jibu. Martin Niederste-Ostholt na wenzake, Belokurov akiwa miongoni mwao, walisema hapana: hili ni fungunyota, na tena la asili ya Sagittarius.

Hoja yao haikuwa ya ukaidi. Galaksi ya Sagittarius inararuliwa na Njia Nyeupe, na nyota zake zimetapakaa kama utepe mrefu unaozunguka anga. Utepe huo unapita karibu kabisa na Segue 1, na baadhi ya nyota zake ziko kwenye umbali na kasi inayokaribia ile ya Segue 1. Sasa fikiria una nyota 24. Nyota mbili tatu za utepe zikijichomeka humo, zenye kasi ya pembeni kidogo, mtawanyiko unapanda mara moja na uzito unaokokotolewa unapanda zaidi, kwa sababu uzito hufuata kipeo cha pili cha kasi. Ukikosea mtawanyiko mara mbili, umekosea uzito mara nne. Galaksi nzima ya maada giza ingeweza kuzaliwa na wageni watatu.

Nimesoma watu wakieleza mabishano haya kama vita ambayo upande mmoja ulishindwa. Siafiki. Ukiacha nani alikuwa sahihi mwishoni, waliokataa ndio walioonyesha ni kipimo gani kilichokosekana. Kabla yao swali lilikuwa "mtawanyiko ni kiasi gani?" Baada yao likawa "ni nani hasa wamo ndani ya hesabu?" La pili ni gumu zaidi na la maana zaidi.

Na kulikuwa na shaka ya pili, ambayo mimi naiona nzito kuliko ya utepe. Nyota nyingi haziishi peke yake. Zina mwenza, na wawili wanazungukana. Nyota mbili zenye uzito wa Jua, zikiwa umbali kama wa Dunia na Jua, kila moja huenda kilomita 21 hivi kwa sekunde. Ukiipima mojawapo usiku mmoja tu, kasi unayoipata ni mchanganyiko wa mwendo wake katika galaksi na mwendo wake kwa mwenzake, na huwezi kuutenganisha. Katika galaksi kubwa jambo hili halisumbui, maana nyota zake zina mtawanyiko wa kilomita 10 na zaidi kwa sekunde. Katika kitu kinachotarajiwa kuwa na mtawanyiko wa kilomita 4 linaweza kuwa ndilo kila kitu. Dawa yake ni moja, nayo inachosha: rudi mwaka ujao, pima nyota zilezile, uone ni ipi iliyobadilisha kasi.

Kumpima kila mmoja

Jibu lililotolewa mwaka 2011 na Joshua Simon, Geha na wenzao ndilo ninalolipenda zaidi katika kisa chote. Hawakuchagua nyota nzuri zaidi. Waliamua kupima karibu kila nyota iliyoweza kuwa ya Segue 1, ndani ya eneo la katikati, hadi kwenye kiwango cha mwangaza ambacho Keck inaweza kukifikia. Hii ni tofauti kubwa. Ukichagua, mtu anaweza kukuuliza umeacha nani. Ukipima wote, swali hilo linakufa.

Walipata nyota 71 za Segue 1. Nyingi zilipimwa zaidi ya mara moja, katika miaka tofauti, ili nyota pacha zijifichue. Kisha wakajenga hesabu iliyozingatia pacha na wageni kwa pamoja, kila nyota ikipewa uwezekano wake wa kuwa mwenyeji badala ya kuambiwa ndiyo au hapana. Mtawanyiko ulishuka kutoka 4.3 hadi 3.7. Haukuporomoka. Uzito uliomo ndani ya nusu ya galaksi ukakokotolewa kuwa takriban Majua 600,000. Ukilinganisha uzito huo na mwanga, Segue 1 ina uzito mara maelfu kadhaa kwa kila kiasi cha mwanga ambacho Jua lingetoa. Wageni wa Sagittarius, baada ya kuhesabiwa, hawakutosha kulipindua jambo hilo.

Kosa la kipimo bado lilikuwa pana, kiasi cha kilomita moja na zaidi juu na chini, nao waliandika hivyo bila kuficha. Kwa kasi peke yake, mtu mkaidi angeweza bado kutikisa kichwa. Kilichomaliza kazi kilitoka upande mwingine kabisa.

Chuma

Fungunyota huzaliwa kutokana na wingu moja la gesi lililochanganyika sawasawa. Nyota zake zote zina karibu kiasi kilekile cha chuma. Hazipati nafasi ya kuwa na tofauti, kwa sababu nyota kubwa za kwanza zikilipuka kwa supanova, mlipuko huifagia nje gesi yote iliyobaki. Uzito wa fungunyota dogo hauwezi kuishikilia. Ili nyota za baadaye zizaliwe na chuma kingi kuliko za kwanza, lazima kuwe na uzito wa kutosha kuizuia gesi isitoroke. Kwa hiyo chuma ni mzani wa pili, usiotegemea kasi hata kidogo. Nyota pacha haiwezi kuudanganya.

Segue 1 ina nyota chache sana zilizovimba kuwa majitu mekundu, na hizo ndizo pekee zenye mwanga wa kutosha kwa uchunguzi wa ndani. Mwaka 2014 Anna Frebel, Simon na Evan Kirby walitoa vipimo vya nyota sita; pamoja na moja iliyopimwa na wengine kabla yao, zikawa saba. Yenye chuma kingi kuliko zote ina takriban sehemu moja kwa 25 ya chuma cha Jua. Yenye kidogo kuliko zote ina sehemu moja kwa 6,000 hivi. Tofauti ya mara 250, ndani ya nyota saba! Hakuna fungunyota la aina hiyo.

Na humo kulikuwa na zawadi ambayo hakuna aliyeiendea. Uwiano wa elementi nyingine kwa chuma ulionyesha alama za supanova za nyota kubwa zilizoishi muda mfupi, bila ile alama ya milipuko ya nyota ndogo ambayo huchelewa kufika. Maana yake Segue 1 ilizaa nyota kwa kipindi kifupi mwanzoni mwa ulimwengu, kisha ikanyamaza. Haikuongeza kitu tena. Frebel na wenzake waliielezea kuwa kisukuku cha galaksi, na sioni neno linaloifaa kuliko hilo. Wengine hutafuta galaksi za kwanza kwa kutazama mbali kabisa, kwenye mwanga uliosafiri miaka bilioni 13. Hapa kuna moja ambayo nyota zake unaweza kuziuliza moja moja.

Wakati ushahidi huu ukikusanyika, Beth Willman na Jay Strader walipendekeza mwaka 2012 kwamba galaksi ni kundi la nyota lililoshikana kwa mvutano, ambalo tabia zake haziwezi kuelezwa kwa maada ya kawaida na sheria za Newton pekee. Hakuna neno ndani yake kuhusu ukubwa, umbo wala mwanga. Segue 1 inaingia ndani ya maana hiyo kwa milango yote miwili, wa kasi na wa chuma.

Kwa kuwa iko karibu na imesheheni maada giza, ilikuwa pia mahali pazuri pa kujaribu dhana kwamba chembe za maada giza zikigongana hutoa miale ya gama. Darubini za MAGIC, kisiwani La Palma, ziliitazama kwa saa 158 hivi. Hazikuona miale. Hata hivyo kimya hicho kilifunga njia kwa baadhi ya aina za chembe zilizokuwa zikifikiriwa, na kisingekuwa na maana yoyote kama Segue 1 ingebaki kuwa fungunyota.

Pale mzani ulipodanganya

Ningeishia hapo, msomaji angedhani kupima kasi hutoa jibu lilelile kila mara. Sivyo. Mwaka 2015 ilipatikana Triangulum II, kitu hafifu kingine. Kirby, yuleyule wa vipimo vya chuma, alipima nyota sita na kupata mtawanyiko wa kilomita 5 kwa sekunde, uliomaanisha maada giza nyingi ajabu. Akarudi. Mwaka 2017 akatangaza mwenyewe kwamba mojawapo ya nyota zile ilikuwa pacha. Ikiondolewa, mtawanyiko hauonekani tena, kinabaki kikomo cha juu tu. Nyota moja kati ya sita ilikuwa imebeba galaksi nzima mgongoni. Aliyeirekebisha namba ni yule aliyeitoa, na hilo naliheshimu sana.

Kisa kinachofanana zaidi na Segue 1 kiko wazi hadi leo. Kikundi kilichoongozwa na Simon Smith wa Chuo Kikuu cha Victoria, Kanada, kikitumia picha za UNIONS, mradi mwingine wa kuipiga picha anga, kilitangaza kitu chenye nyota 60 hivi, umbali wa miaka ya nuru zaidi ya 30,000, katika kundinyota la Dubu Mkubwa. Nusukipenyo chake ni miaka ya nuru 10 hivi. Uzito wa nyota zake zote kwa pamoja ni kama Majua 16. Segue 1 mbele yake ni jitu. Keck ilipima nyota 11, mtawanyiko ukawa, kwa sadfa, kilomita 3.7 kwa sekunde, namba ileile ya Segue 1. Ondoa nyota moja: 1.9. Ondoa mbili: haupimiki.

Waliotoa namba hizo waliziandika hivyo hivyo, na nyota za kuondolewa, mbele ya kila msomaji. Upande mmoja ukasema kwamba bila maada giza kitu kidogo vile kingekuwa kimeraruliwa na Njia Nyeupe zamani, kwa hiyo kudumu kwake ni ushahidi. Mwaka 2025 wengine wakaonyesha kwa uigaji wa kompyuta kwamba kiini cha mashimo meusi na nyota za nyutroni kingeweza kulishika fungunyota la kawaida kwa muda mrefu. Na mwaka huohuo vipimo vipya vya Keck, vya nyota zaidi na vya marudio, havikukuta dalili ya maada giza wala tofauti kubwa ya chuma.

Kazi ya kuhesabu sasa inakwenda mbio. Galaksi ndogo na vitu vinavyodhaniwa kuwa galaksi kuzunguka Njia Nyeupe vimepita 60, na darubini ya Vera C. Rubin, yenye kioo cha mita 8.4 juu ya Cerro Pachón nchini Chile, ilitoa picha zake za kwanza Juni 2025. Itaona nyota hafifu mara nyingi kuliko zilizoonwa na Sloan, anga nzima ya kusini, usiku baada ya usiku. Lakini mzani haukukua kwa kasi hiyo. Nyota nyingi ambazo Rubin itazihesabu zitakuwa hafifu mno kwa spektrografu zilizopo, na kila kundi litahitaji kurudiwa mwaka baada ya mwaka kwa ajili ya pacha. Vitu vitakavyoonekana lakini visivyopimwa vitaongezeka kuliko vilivyopimwa.

Waliogundua kile cha Dubu Mkubwa walikumbuka yaliyoipata Segue 1. Hawakuchagua upande. Kwenye orodha kimeandikwa kwa majina mawili, la galaksi na la fungunyota, yametenganishwa kwa mkwaju: Ursa Major III/UNIONS 1.